Omba daftari kwanza

Kila baraza la wahitimu wa chuo kikuu hufika mwaka likaamua kuwaenzi wazee wake. Kamati inaitwa, chai inaletwa, na kabla vikombe havijapoa majina matano yameshaandikwa: waziri mstaafu, jaji mstaafu, balozi wa zamani, mwenyekiti wa bodi fulani, na mtu mmoja aliyechangia mabati ya zahanati mwaka wa uchaguzi. Kikao kinafungwa mapema na kila mtu ameridhika. Kosa la kwanza limeshafanyika hapo.

Si kwamba hao hawastahili. Ni kwamba hawaihitaji kamati. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, na Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alichukua shahada yake ya sheria hapo hapo mwaka 1971. Majina ya namna hiyo yana watu wa kuyatunza. Anayehitaji kamati ni mhitimu wa miaka hiyo hiyo aliyestaafu ualimu au ubwana shamba, akarudi kwao, na hadi leo, akiwa na miaka sabini na kitu, ndiye katibu wa jumuiya ya watumia maji kwa kuwa hakuna mwingine anayekubali kuandika mihtasari. Huyo hajui kama chuo bado kinamkumbuka, na mara nyingi kweli hakimkumbuki.

Tunayoandika hapa yametokana na kazi ya kamati za namna hiyo, zaidi upande wa Tanzania. Baadhi ya vyuo huliita baraza la wahitimu baraza la masajili, lakini kazi ni ile ile na makosa ni yale yale.

Tuanze na kumpata mtu mwenyewe, maana hapo ndipo miezi hupotea. Ukitegemea rejesta ya Dar es Salaam peke yake utawakosa wengi. Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mlimani walihamia 1964. Kuanzia 1963 hadi 1970, Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vilikuwa vyuo vishiriki vya chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na fani kubwa ziligawanywa: sheria Dar es Salaam, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, udaktari na kilimo Makerere. Kitivo cha uhandisi Dar es Salaam kilikuja 1973. Kwa hiyo mzee mhandisi wa maji kutoka Rungwe aliyehitimu 1969 hayumo kwenye vitabu vya Mlimani, yumo Nairobi. Na mwanasheria Mkenya au Mganda wa miaka ile huenda ni mtoto wa Dar es Salaam kabisa. Cheti chake kitataja Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kijana wa ofisi aliyezaliwa 1998 akikiona hudhani ni cha kughushi. Mwelezeni mapema, kabla hajampigia mzee simu ya kumhoji.

Wazee wa Zanzibar wana hesabu yao. Visiwani hakukuwa na chuo kikuu hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo waliosoma walisoma Bara, Makerere, Misri au Urusi. Waliopitia Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, hawana baraza la wahitimu jirani la kuwaita. Kama mkoa wenu una watu wa aina hiyo na mnafanya shughuli ya mkoa badala ya shughuli ya chuo, msiwaache nje kwa sababu ya nembo.

Miaka nayo hudanganya. Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) walirudishwa makwao, na wengi wakaruhusiwa kurejea baadaye. Mtu wa kundi hilo huenda ameingia na wenzake akatoka na wadogo zake. Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974, lililotaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu, hivyo mhitimu wa 1979 anaweza kuwa mkubwa kwa umri kuliko mhitimu wa 1973. Usipange viti, usafiri wala zamu ya kupokea tuzo kwa mwaka wa mahafali. Uliza mwaka wa kuzaliwa, na uulize kwa adabu, hasa kwa akina mama.

Majina ndiyo mtego mkubwa zaidi. Mwanamke aliyehitimu kwa jina la baba yake ameishi nusu karne kwa jina la mumewe, na mtaani hajulikani kwa yote mawili: ni Mama Fulani, basi. Ukifika kijijini ukauliza mhitimu wa shahada ya elimu wa 1976 watakutazama tu. Uliza yule mama anayewafundisha watoto hesabu chini ya mwembe, watoto watakukimbilia kukuonyesha mlango. Kwa wahitimu wa Lubumbashi, nchini Kongo (zamani Zaire), mambo ni magumu zaidi. Zaire ya 1972 iliwaondolea watu majina ya ubatizo, na kuanzia 1971 hadi 1981 vyuo vikuu vya nchi nzima viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Cheti cha muongo huo kina jina la chuo kisichokuwepo tena, na jina la mtu ambalo huenda tangu hapo ameshaliacha.

Anwani za rejesta za zamani msizitupe ingawa nyingi zimekufa. Sanduku la posta la misheni au la shule ya sekondari linakuonyesha eneo, na eneo linatosha. Kumbukeni tu kwamba mikoa imegawanywa: Geita, Simiyu, Katavi na Njombe ilianzishwa 2012, Songwe 2016. Mtu aliyeandikwa "Mkoa wa Mbeya" mwaka 1972 huenda yuko Songwe bila kuhama hata hatua moja.

Njia zinazozaa matunda ni tatu. Ya kwanza ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwa kuwa anajua nani huja kuomba chaki na madaftari yaliyobaki. Ya pili ni katibu wa chama cha ushirika cha msingi, AMCOS kwa jina la siku hizi, kwa sababu bodi nyingi zina mzee mmoja msomi wa kusoma barua za serikali. Ya tatu ni tangazo fupi msikitini, kanisani na kwenye redio ya jamii. Vikundi vya WhatsApp vya waliolala bweni moja husaidia kwa walioko mijini. Kwa walioko vijijini huleta zaidi taarifa za misiba.

Sasa simu ya kwanza. Wazee wamechoka na matapeli. Mtu asiyemjua akimpigia kusema "hongera mzee, umechaguliwa kupokea tuzo, nitajie namba ya kitambulisho", mzee mwenye akili anakata, na anafanya vizuri. Kwa hiyo simu ya kwanza haitoki kwenye kamati. Inatoka kwa mtu anayemfahamu: aliyesoma naye, mtoto wake, au kiongozi wake wa dini, na baada ya siku mbili tatu ndipo katibu wa kamati anapiga. Apige asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, wakati mzee amekwisha kunywa chai na hajalala. Aanze na shikamoo, ajitambulishe kwa jina na kwa ukoo wa chuo ("mimi ni mtoto wenu wa mwaka 2004"), aseme ametumwa na nani, kisha anyamaze asikilize. Asiombe namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), wala namba ya akaunti, wala mchango. Huyu mzee ataulizia habari za walimu waliokufa zamani na za kumbi zilizobadilishwa majina. Tengeni dakika arobaini.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Kenya walitangulia na yao ya 2019. Fomu ya mapendekezo ikusanye jina, mwaka, eneo, kazi anayofanya sasa na namba ya mtu wa karibu, basi. Habari za maradhi zikae kwenye karatasi ya mtu wa huduma ya kwanza tu, nayo ichanwe baada ya shughuli. Picha ya mzee isitumwe popote kabla hajaambiwa itakwenda wapi.

Baada ya kumpata inakuja kazi ambayo kamati nyingi huiruka: kuthibitisha. Barua ya mapendekezo husema "amekuwa nguzo ya jamii kwa zaidi ya miaka thelathini". Sentensi hiyo haikuambii chochote. Tumejifunza kwenda na neno moja: daftari. Huduma ya kweli ya kijijini ina daftari. Kwenye maji kuna daftari la michango na la matengenezo. Tuisheni ya bure ina orodha ya watoto, kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) kina kitabu cha hisa, usuluhishi wa mirathi una bahasha za nakala. Mwombe mzee akuonyeshe, kaa naye kwenye mkeka, funua polepole.

Tuchukue mradi wa maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe kutoka chanzo cha juu bila pampu, aina inayopatikana sana nyanda za juu. Mzee mhandisi mstaafu anayeusimamia kweli atakuwa na daftari la kurasa 96, jalada limefungwa kwa gazeti, na ndani utakuta mambo madogo madogo: tarehe ya kusafisha chanzo, nani alikwenda, bomba la inchi ngapi lilipasuka, koki ngapi zimebadilishwa na kwa bei gani. Angalia tarehe za Novemba na Desemba. Mvua za kwanza huleta majani na tope, chujio la pale kwenye banio, maji yanapoingilia bombani, huziba, na maji hukatika kijiji kizima ndani ya siku moja. Kama daftari lina maandishi mengi miezi hiyo, mradi unatunzwa. Kama kurasa ni safi na wino ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, limeandikwa wiki iliyopita kwa ajili yenu. Kisha tazama ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Ni wa mwezi uliopita, au wa miaka minne iliyopita? Wa miaka minne nao unastahili heshima, lakini msiseme jukwaani kwamba "anaendelea". Wanakijiji wako ukumbini, na watacheka.

Swali la pili baada ya daftari ni hili: ufunguo unakaa wapi? Ufunguo wa chumba cha tangi, wa kabati la vitabu, wa sanduku la fedha lenye kufuli tatu. Jina linalotajwa hapo ndilo la mtu anayefanya kazi. Mara nyingine si la mzee aliyependekezwa bali la mkewe, naye pia ni mhitimu, wa mwaka mmoja baada ya mumewe, na hakuna aliyemwandika. Hii hutokea zaidi ya watu wanavyodhani.

Zungumza na mashahidi watatu wasiofanana: mtendaji wa kijiji au wa kata, mtu aliyenufaika, na mtu aliyewahi kugombana na mzee. Huyo wa tatu kamati humwogopa, kumbe ndiye mwenye habari. Mzee aliyeshika fedha za watu miaka ishirini bila kukwaruzana na yeyote, ama hakuzishika ama hakuzidai. Sikiliza ugomvi ulikuwa juu ya nini. Kama aligomba kwa sababu alimkatalia mwenyekiti kukopa fedha za mfuko, umepata sentensi nzuri kuliko zote za wasifu wake, ingawa hutaitaja jukwaani. Kama aligomba kwa sababu shamba la kijiji lilihamia jina lake, funga faili kimya kimya. Mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu, nayo inasomeka, muombe mtendaji.

Kuna tahadhari moja ambayo hatukuiona ikiandikwa popote. Daktari mstaafu anayewatibu majirani barazani kwake ni mtu wa kupendwa, lakini daktari anatakiwa kuwa na leseni hai ya Baraza la Madaktari, inayohuishwa kila mwaka. Mkimsifu hadharani kwa "kutibu bure nyumbani" huku leseni ilishakwisha, mmemchongea mbele ya mkuu wa wilaya. Wasaidizi wa kisheria nao wanatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizeni kwanza. Kama karatasi hazijakaa sawa, ama msaidieni kuzinyoosha kabla ya siku yenyewe, ama msifuni kwa lile lisilo na kasoro: kumsindikiza mgonjwa hospitali, kumfafanulia barua ya rufaa, kumwandikia mjane barua kwa mtendaji.

Wapo watakaokataa. Msiwabembeleze zaidi ya mara moja. Mzee anajua kijiji chake kuliko ninyi: akionekana kwenye picha ameshika ngao na kupeana mkono na wakubwa, kesho yake atakuja mtu wa ada, wa bati, wa msiba, kwa sababu "mzee kapewa hela Dar". Uvumi huo una dawa moja tu. Mtendaji atangaze mapema, kwenye mkutano, kwamba tuzo ni cheti na ngao, hakuna fedha, na nauli imelipwa na kamati. Likitangazwa na mzee mwenyewe haliaminiki.

Wasifu wa kusoma siku hiyo uwe maneno 250, si zaidi. Kwa Kiswahili cha kusomwa taratibu hayo ni karibu dakika mbili na nusu. Wazee sita ni robo saa, na hapo watu bado wanasikiliza. Wasifu wa kurasa tatu ulionakiliwa kutoka kwenye barua ya maombi ya kazi huua shughuli: shule ya msingi, shule ya kati, semina ya 1983, semina ya 1987. Mwaka wa kuhitimu na fani vinatosha kwa upande wa chuo. Maneno 200 yaliyobaki yawe ya kazi ya sasa. Badala ya "amejitolea kwa hali na mali kuinua elimu", andika hivi: "Kila Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri, hufungua darasa la hesabu la shule ya msingi na kukaa na watoto wa darasa la saba hadi saa kumi na moja. Chaki hununua mwenyewe." Mtu aliyekaa nyuma ukumbini anaiona chaki. Kisha umsomee mzee mwenyewe kwa simu, neno kwa neno, wiki mbili kabla. Atasahihisha. Wengi hupunguza sifa, wachache huongeza, na karibu kila mmoja atataja mtu mwingine aliyefanya naye kazi hiyo. Mtu huyo aongezwe kwenye wasifu, na kama anatembea, aalikwe.

Msomaji asiwe mshereheshaji wa harusi. Achaguliwe mtu anayejua kutamka majina ya kwao mzee. Jina la ukoo likisomwa vibaya mbele ya wajukuu, maneno 249 yaliyobaki yamekwenda bure.

Kuhusu ngao. Ya kioo hupendeza dukani na kufika Sumbawanga vipande viwili. Mzee atasafiri na basi, ngao itakaa kwenye mkoba, mkoba utakaa chini ya kiti. Mbao ngumu, mninga kwa mfano, yenye bati la shaba lililochorwa, ukubwa usiozidi karatasi ya A4, ndiyo inayodumu. Mwambieni fundi aweke matundu mawili nyuma ya kuning'inizia, maana ngao nyingi zimetengenezwa kusimama mezani, na nyumba nyingi za wazee meza ni moja na ni ya chakula. Maneno yasizidi ishirini na tano. Jina liandikwe kama mzee anavyoliandika yeye, si kama lilivyo kwenye rejesta. Fundi apewe kazi wiki tatu kabla, alete kwanza nakala ya karatasi, na mtoto wa mzee aikague na kusema ndiyo kabla ya kuchora. Gharama ya bati la pili ni ndogo. Aibu ya "Mwanaidi" kuandikwa "Mwanahidi" haina bei. Zawadi za jadi kama fimbo, mgolole au kigoda ni nzuri mahali pake, ila sehemu nyingine vitu hivyo hutolewa na wazee wa ukoo tu, kwa utaratibu wao. Ulizeni kabla ya kununua.

Tarehe. Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba, huvutia kamati, nayo ina faida kwamba masika yamepita zamani na njia za vijijini zinapitika. Mahafali ya vyuo vingi huangukia mwishoni mwa mwaka, vuli ikiwa imeanza, na kuunganisha tuzo na mahafali huonekana kuokoa fedha. Msiunganishe. Siku ya mahafali chuo kina majoho elfu kadhaa, foleni ya magari toka barabara kuu, na mzee wa miaka 82 atasimama juani akisubiri kupewa kitu kwa sekunde nane. Ijumaa mchana ni ya sala. Jumamosi, ambayo wengi hudhani haina mwenyewe, ni sabato ya Wasabato, na kama orodha yenu ina watu wa Upare, Mara au Kisii mna hakika ya kuwa na angalau mmoja. Jumatano au Alhamisi inafaa kuliko zote. Wazee wamestaafu, wenye haraka ya wikiendi ni kamati.

Nauli itumwe siku saba kabla, kwa simu, na muongeze ya kutolea. Kiasi kihesabu watu wawili daima, kwa sababu mzee hasafiri peke yake, na anayemsindikiza ndiye anayejua dawa. Anayetoka mbali afike siku moja kabla na alale. Chumba kiwe cha chini, choo cha kukaa, taa inayofikika kutoka kitandani. Watu huona haya kuuliza habari za choo. Mtu mmoja wa kamati apewe jukumu hilo rasmi, aulize kila mgeni, amalize.

Ukumbini, pimeni kwa miguu yenu wenyewe umbali kutoka gari linaposimama hadi kiti cha mzee. Ukizidi hatua arobaini, sogezeni gari au leteni kiti cha magurudumu na kukiweka pembeni bila kukitangaza. Jukwaa lenye ngazi bila mkono wa kushikilia lisitumike. Tuzo itolewe chini, mbele ya viti, mtoaji amfuate mzee badala ya mzee kumfuata mtoaji. Picha zinatoka nzuri zaidi hivyo. Viti viwe na mikono, maana kiti cha plastiki kisicho na mikono mtu wa magoti mabovu hawezi kukiinukia. Maikrofoni iwe juu ya mti wake, si ya kushika, kwa sababu mkono unaotetemeka hupeleka sauti huku na kule na mzee hudhani haisikiki, akaanza kupaza.

Mkianza saa nne asubuhi, saa sita na nusu muwe mnakula. Wenye kisukari waliomeza dawa saa moja asubuhi hawawezi kusubiri hotuba ya mgeni rasmi aliyechelewa. Na atachelewa. Kwa hiyo pangeni ratiba ambayo tuzo zinaweza kutolewa bila yeye: mwenyekiti wa baraza anatoa, mgeni rasmi akifika anasalimia. Tumeona kamati zikiganda saa mbili nzima zikisubiri king'ora, wazee wamekaa kwenye viti kama watahiniwa. Chakula kiwe cha kawaida, wali na ugali, samaki, maharage, mboga za majani, matunda. Nyama laini iwepo kwa wasio na meno ya kutosha. Soda zisiwe kinywaji pekee mezani.

Mpeni kila mzee dakika tatu za kusema, na msimkatize zikifika tano. Kabla ya hapo mkalisheni kijana mmoja karibu naye, mwenye kalamu. Wazee wakikutana hutaja tarehe, majina ya wakuu wa mabweni, na nani alianzisha nini wilaya gani, na hayo hayarudiwi. Harambee isifanyike siku hiyo. Hata bahasha ndogo ya "kuchangia mfuko wa wahitimu" isipite mbele yao. Kumwita mtu kumheshimu na kisha kumtembezea kapu ni kumwambia kwa nini hasa mlimwita.

Miezi mitatu baada ya shughuli mtu mmoja arudi kijijini na picha zilizochapishwa, sita kwa kila mzee, kwa sababu picha iliyo kwenye simu ya mjukuu hupotea na simu. Hapo ndipo pa kumuuliza anachohitaji katika kazi yake. Majibu huwa madogo kuliko bajeti zenu: rimu mbili za karatasi, miwani ya kusomea, mipira ya koki ya dazeni moja, ramani ya mabomba iliyochorwa upya. Jibu linalorudi mara nyingi zaidi ni mtu. Anataka kijana wa kumwachia. Kwa hili chuo kina uwezo ambao hakiutumii: kuna wanafunzi wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo kila mwaka, na wiki nane kwa mzee mwenye mradi wa maji au ushirika zina elimu ya kutosha kwa ripoti yoyote. Mwanafunzi apelekwe na barua kwa mtendaji, apangiwe nyumba ya kulala, na alipiwe chakula ili asiwe mzigo kwa pensheni ya mtu.

Kazi yake ya kwanza iwe kunakili daftari. Apige picha kila ukurasa mchana, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, kisha aandike upya kwa mkono kwenye daftari jipya akiwa amekaa na mzee, ili asichosoma vizuri akiulize hapo hapo: kifupisho hiki ni nini, hili jina ni la nani, kwa nini Machi 2011 hakuna kitu. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, moja maktaba ya chuo. Daftari lenyewe lisiondoke. Lirudi lilipokuwa, juu ya kabati, kwenye mfuko wa nailoni, mbali na mchwa, pamoja na ile kalamu.